Muuaji akigonga akauliza "Yupo humu?", kumdanganya ni wajibu. Hapa Kant alikosea

Mwanzisha uzi:

Wakuu, salaam kwenu. Naleta swali la zamani la falsafa na nitasimama upande mmoja. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, nitajibu.

Mtu amekimbilia kwako usiku, umemficha chumba cha uani. Anayemwinda anafika mlangoni na panga mkononi, anauliza: "Yupo humu?" Ukikaa kimya, atajua. Ukisema yupo, ataingia. Je, ni halali kusema hayupo?

Wengi wetu tutasema ni halali, tena bila kufikiri mara mbili. Lakini Immanuel Kant, mmoja wa wanafalsafa wakubwa kuliko wote Ulaya, alijibu hapana. Ilikuwa mwaka 1797, ana miaka 73, akimjibu Benjamin Constant, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akiandika Ufaransa. Constant alisema wajibu wa kusema kweli upo kwa yule tu mwenye haki ya kupewa kweli hiyo, na muuaji hana haki hiyo. Kant akakataa: kusema kweli ni amri ya akili isiyo na sharti, mbele ya yeyote, hata muuaji.

Sababu zake ni mbili kubwa. Kwanza, neno la mtu ndilo linaloshikilia mikataba yote. Ukidanganya, hata kama uliyemdanganya hakustahili kweli, umewakosea wanadamu wote kwa sababu umefanya maneno yasiaminike. Pili, ukidanganya, matokeo yote yanakuangukia. Anatoa mfano: umesema "hayupo" kwa nia njema, kumbe jamaa alishatoka kimyakimya. Muuaji anageuka, anakutana naye njiani, anamuua. Hapo, anasema Kant, kifo kile kiko mikononi mwako. Ungesema kweli, huenda muuaji angeingia kupekua nyumba, majirani wakawahi kumkamata. Msema kweli hana lawama, litokee la kutokea.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu watu humcheka mzee huyu bila kumsikiliza. Alichokiogopa kipo. Kila mwongo ana sababu yake nzuri, na ukishaanza kusema "inategemea", hujui utaishia wapi. Woga huo nauheshimu. Ila katika hesabu yake kuna mtu mmoja hakumhesabu, naye ni yule aliyejificha chumba cha uani.

Tumtazame huyo. Alipogonga ukamfungulia, ukamwambia pita ndani, ukasukuma komeo nyuma yake, ulimpa ahadi. Hamkuandikishana wala hukuapa, lakini nyote wawili mlijua komeo lile lina maana gani. Tangu dakika ile kuna watu wawili wanaolitegemea neno lako, mmoja ndani na mmoja nje. Kant anajali muuaji asidanganywe, na haulizi kitu kuhusu imani ya yule wa ndani. Kumjibu muuaji "ndiyo, yupo" ni kumwambia kweli mtu mmoja na kumvunjia ahadi mwingine, na Kant huyohuyo alifundisha kwamba ahadi haivunjwi.

Tuje kwenye hoja kwamba uongo huu utaua uaminifu duniani. Tumpime kwa kipimo chake mwenyewe: ingekuwaje kila mtu angefanya hivyo? Chukua kijiji ambacho kila mkazi, bila kukosa hata mmoja, humdanganya muuaji anayekuja kuulizia mtu. Kinaharibika nini? Watu wanaendelea kukopeshana, kuuziana mashamba, kuposa na kuoza. Kitu pekee kinachokufa ni faida ya muuaji kwenda kuuliza mlangoni. Na anayekimbia anajua kwamba mlango wowote atakaougonga amefika. Sasa chukua kijiji cha pili ambacho kila mtu humwambia kweli kila anayeuliza. Nani atathubutu kukimbilia kwa jirani? Niambieni ni kijiji kipi kati ya hivyo ambacho watu wake wanaaminiana.

Na hili la "msema kweli hana lawama" ndilo nalipinga kwa nguvu zaidi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, redio RTLM ya Kigali ilikuwa ikitaja hewani majina ya watu na mahali walipo, hata namba za magari yao. Uongo ulijaa katika redio ile, lakini ilipotaja mahali sahihi, usahihi huo haukuwa nafuu kwa aliyetajwa. Ndio uliomfikisha muuaji. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha, iliwatia hatiani Desemba 2003 waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa, si yote. Ukishajua anayeuliza anakwenda kufanya nini, kumwonyesha mahali ni kumsaidia kazi. Ukweli wa maneno hauwezi kukutoa humo.

Nchi hiyohiyo, miezi hiyohiyo, kuna bibi mmoja kule Ruhango anaitwa Zura Karuhimbi. Alikuwa mjane mwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili, na humo na kwenye shamba lake aliwaficha watu wanaosemwa kuwa zaidi ya 100. Interahamwe, wale wanamgambo waliokuwa wakiua, walipokuja, hakuwa na bunduki wala mtu wa kumtetea. Alikuwa na sifa ya ukoo wao ya uganga wa miti shamba. Akajipaka mikononi majani yanayowasha, akawagusa, wakawashwa. Akatikisa bangili zake na vitu vya ndani vikalia, akawaambia wakithubutu kuingia watakuwa wamejiletea ghadhabu ya Nyabingi, mzimu unaoogopwa kule. Wakaogopa, wakaondoka. Baadaye, bila kuficha, alieleza kwamba yeye anamwamini Mungu mmoja, na nguvu zile zote alizibuni ili kuokoa watu. Mwaka 2006 Rwanda ilimpa nishani. Alifariki Desemba 2018.

Kant angemwambia bibi yule kwamba amewakosea wanadamu. Mimi nasema alitimiza wajibu, na angewaambia kweli angekuwa amefanya kosa kubwa.

Ila msinielewe vibaya. Swali hilohilo la "yupo?" huulizwa kwenye milango yetu kila mwisho wa mwezi. Mwenye duka amekuja kudai hela yake, baba yuko chumbani, mtoto anatumwa nje akaseme baba kasafiri. Maneno ni yaleyale, hayupo. Lakini mdai ana haki ya jibu la kweli, maana alitoa unga na mafuta akiamini neno la baba. Anayeuliza ili achukue chake na anayeuliza ili aue hawaulizi swali moja, hata kama herufi zinafanana. Hapo Constant aliona sawasawa. Anayeng'ang'ania kwamba uongo wote ni mmoja atamwacha mtu afe, na anayesema uongo wote ni sawa tu ukiwa na sababu atamfundisha mwanawe kuwakimbia wadai. Nawapinga wote wawili.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2:

Mkuu, uzi mzuri, ila umemwonea Kant sehemu moja. Ahadi uliyompa mkimbizi haiwezi kuwa ahadi ya kutenda kosa. Nikikuahidi nitaiba kwa ajili yako, ahadi hiyo hainifungi. Kwa hiyo hoja yako ya komeo inazunguka: ili ahadi ikufunge, lazima kwanza uthibitishe kwamba uongo ule si kosa, na hilo ndilo tunalobishania.

Mwanzisha uzi:

Mkuu wa 2, hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri. Sikumwahidi kudanganya. Nilimwahidi kutomtoa. Hiyo ni ahadi safi kwa kipimo chochote, hata cha Kant. Tatizo limeletwa na mwenye panga, aliyenipa njia mbili tu: kumtoa mtu wangu au kudanganya.

Sasa angalia. Mwaka uleule wa 1797, katika kitabu chake cha maadili, Kant anasema wajibu wenyewe haugongani. Kinachoweza kugongana ni misingi inayotudai, na msingi wenye nguvu ndio unaobaki kutufunga. Vizuri. Pale mlangoni kuna misingi miwili. Mmoja unasema usimdanganye huyu. Mwingine unasema usimtoe yule. Kant anaushindisha wa kwanza bila kuupa wa pili nafasi ya kusikilizwa. Namwomba atumie kanuni yake mwenyewe. Uhai wa mtu aliyejikabidhi kwako, na ahadi uliyompa, dhidi ya muuaji kukosa taarifa. Sioni vipi msingi wa pili unashindwa.

Mchangiaji wa 3:

Ndugu yangu, mimi nakuja kwa upande wa imani. Mtakatifu Augustino aliandika mara mbili dhidi ya uongo na hakuacha mwanya hata mmoja. Na alitoa mfano wa askofu wa Thagaste, jina lake Firmus. Alimficha mtu, wakaja maofisa wa kaisari, akawaambia: siwezi kusema uongo na siwezi kumtoa mtu. Wakamtesa, hakufungua mdomo. Akapelekwa mbele ya kaisari, na kaisari akastaajabu mpaka akamsamehe yule mtu. Kwa nini Mkristo asifuate njia ya tatu kama Firmus?

Mwanzisha uzi:

Ndugu, umeleta mfano ambao kila anayetetea upande wangu anapaswa kuujibu. Namwinamia Firmus. Mtu anayeweza kulipa kwa mwili wake mwenyewe, bila kumtoa mwenzake na bila kudanganya, amefika juu kuliko mimi. Lakini angalia kilichofanya njia yake iwezekane. Maofisa walihitaji kuambiwa. Aliyefichwa alikuwa mahali wasipopajua, kwa hiyo kimya cha askofu kilikuwa ngao. Kwa Karuhimbi watu walikuwa nyuma ya ukuta wa udongo. Angesema "siwezi kudanganya wala siwezi kuwatoa", wangemsukuma wakaingia. Kimya chake kingekuwa jibu tosha.

Halafu tusome kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza. Farao anawaamuru Shifra na Pua wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wanakataa. Akiwauliza, wanamwambia wanawake wa Kiebrania wana nguvu, huzaa kabla mkunga hajafika. Na Maandiko yanasema Mungu akawatendea mema wakunga hao. Najua Augustino alivyolijibu hili: walilipwa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Lakini jaribu kuitoa huruma ile ukaiache na maneno waliyomjibu Farao. Ukiwanyima lile jibu, watoto hawaponi.

Mchangiaji wa 4:

Assalaam alaykum. Kwetu mlango huu ulishafunguliwa zamani. Kuna hadithi ya Mtume aliyoisimulia Ummu Kulthum inayoruhusu uongo katika vita, kupatanisha watu, na baina ya mume na mke. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema maneno ni njia tu ya kufikia makusudio. Kama kusudio la halali linafikiwa kwa kweli, basi uongo ni haramu. Kama halifikiwi ila kwa uongo, uongo unaruhusiwa, na kama kusudio ni la wajibu, uongo nao unakuwa wajibu. Mfano wake ndio huo wako: Mwislamu amejificha kwa kumkimbia dhalimu.

Ila ndugu, wanazuoni wanapendelea tauria kwanza, yaani maneno ya kweli yenye maana mbili. Katika Hijra, Mtume akihama Makka kwenda Madina, mtu alimuuliza Abu Bakr aliyefuatana naye, huyu uliye naye ni nani? Akajibu, huyu ananionyesha njia. Muulizaji akafahamu njia ya safari, naye alikusudia njia ya kheri. Hakudanganya. Kwa nini usianze na hiyo kabla ya kufika kwenye uongo wa wazi?

Mwanzisha uzi:

Wa alaykum salaam, shehe. Ghazali kaisema kwa mistari michache mada ninayoizungukia hapa, na karibu miaka 700 kabla ya Constant. Hasa pale anaposema uongo unakuwa wajibu. Wengi wanaonikubali wanaishia kwenye ruhusa. Ruhusa maana yake ningeweza pia kusema kweli na nikabaki salama kimaadili. Sikubali. Ukimwambia kweli muuaji ukiwa na uwezo wa kumdanganya, umetenda kosa.

Kuhusu tauria, nakubali kwamba mwenye nafasi aitumie. Inakulinda wewe usizoee. Kinachonitatiza ni kuifanya tauria kuwa mpaka kati ya haki na dhambi. Anayesema "ananionyesha njia" na anayesema "simjui" wote wanataka anayeuliza aondoke akiamini lisilokuwepo. Tofauti ni wepesi wa ulimi. Mama aliyeamshwa usiku wa manane, mtoto analia mgongoni, mbele yake kuna panga, hatapata sentensi yenye maana mbili. Atasema "hayupo". Sitamweka chini ya mtu aliyejaliwa ufasaha.

Mchangiaji wa 5:

Mimi ni muuguzi, nimefuatilia kimya. Kinachonisumbua ni hiki: ndugu wa mgonjwa wanakufuata koridoni wanakwambia, "Sista, mzee asijue kama ni saratani, atakata tamaa, mwambieni ni vidonda vya tumbo." Wanasema wanamwokoa. Kwa maneno yako, kusudio ni uhai. Je, nimdanganye mzee?

Mwanzisha uzi:

Dada, hapana. Na nashukuru umeleta hili maana ndilo linaloumiza nyumba nyingi.

Kule mlangoni anayedanganywa ni anayetaka kudhuru. Hapa anayedanganywa ndiye mwenye mwili. Hakuna mtu duniani mwenye haki ya taarifa ile kumzidi. Mzee ana mambo yake: ana shamba halijaandikwa jina, ana mtoto hawajaongea miaka, ana deni anataka alilipe kwa mkono wake, pengine ana dawa kali atazikataa au atazikubali akijua anapigana na nini. Ukimwambia ni vidonda vya tumbo unamnyang'anya hayo yote, na kwa kawaida anagundua. Anaona mnavyonyamaza akigeuka, anaona dawa haziendani na jina la ugonjwa. Anaanza kufa akiwa peke yake katikati ya watu wanaompenda.

Unaweza kumwambia taratibu. Unaweza kumuuliza kwanza anataka kujua kiasi gani, na akisema "mwambieni mwanangu, mimi sitaki kujua", hapo umeheshimu neno lake na hujamdanganya. Huruma ya ndugu naielewa kabisa, lakini huruma peke yake haikutosha kuhalalisha uongo hata kule mlangoni. Kilichohalalisha ni kwamba swali lenyewe lilikuwa hatua ya kwanza ya mauaji. Swali la mzee, "daktari kasema nina nini?", ni la mtu anayedai kilicho chake.

Mchangiaji wa 6:

Mzee, hapo kwenye "swali ni hatua ya mauaji" nani anaamua? Kila mkwepa kodi anaona serikali ni dhalimu. Kila mume mwenye mambo ya nje anaona mkewe hana haki ya kuuliza. Mimi nina duka. Juzijuzi kijana kaingia mbio kajibanza nyuma ya magunia, dakika moja baadaye watu wamejaa na mawe, mmoja kashika tairi. "Kapita wapi?" Na yule kijana ni mwizi kweli, niliiona simu mkononi mwake. Huyu si mkimbizi wako wa Rwanda asiye na hatia. Nimdanganyie watu wenye haki yao?

Mwanzisha uzi:

Mkuu, umeuliza mawili. Naanza na nani anaamua.

Anaamua aliye mlangoni, kwa sababu hakuna mwingine pale, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kipimo ninachokitumia ni kama uko tayari, hatari ikishapita, kusema hadharani ulichosema na kwa nini, mbele ya majirani na mbele ya uliyemdanganya mwenyewe akiwa ametulia. Karuhimbi alisema waziwazi kwamba nguvu zile alizibuni. Mume wako wa mambo ya nje hawezi kusimama mbele ya wakwe akaeleza alichosema na kwa nini. Mkwepa kodi anahitaji uongo wake usijulikane kesho, keshokutwa na mwakani. Sisemi kipimo hiki hakikosei. Nasema waongo wengi wa kila siku hawakipiti.

Sasa duka lako. Hapa ndipo ninapofika mbali kuliko Constant watu wanavyomchukulia, maana wengi hudhani uongo unaruhusiwa kwa sababu aliyefichwa ni mwema. Sivyo. Kijana wako ni mwizi na bado namwonyesha mwenye tairi njia ya upande wa pili: "Kapita huku, kakata kona ile." Kundi lile halina haki ya jibu, kwa sababu linalotaka kulifanyia jibu hilo ni kumchoma mtu moto. Hatia ya kijana haiwapi petroli.

Wakishaondoka unafunga mlango kwa ndani, unapiga simu polisi. Askari akifika akauliza yupo, unamwambia yupo, nyuma ya magunia, na simu ninayo hapa. Ndani ya saa moja umejibu swali lilelile kwa namna mbili, na zote mbili zilikuwa sawa. Ukiitwa kituoni kutoa maelezo, unaandikisha na ule uongo wako kama ulivyousema, neno kwa neno.

Na katika lile kundi kuna mtu mmoja ninayemfikiria, mwenye simu. Yeye kaibiwa, ana kila haki ya kujua simu yake iko wapi, na wewe umemdanganya pamoja na wengine kwa sababu alikuja amezungukwa na mawe. Huyo mtafute jioni ileile. Mwambie simu iko polisi, kijana yuko polisi, na mwambie ulimdanganya na kwa nini. Anaweza kukasirika. Msikilize mpaka amalize.